Uzio wa Maili Tisa

Mwezi Julai mwaka 1990, majaji wa ngazi ya juu kabisa nchini Uingereza walitoa hukumu katika kesi iliyowahusu wanawake wawili, Jean Hutchinson na Georgina Smith. Kosa lao lilikuwa la wazi: waliingia bila kibali ndani ya kambi ya jeshi la anga ya Greenham Common, nje kidogo ya mji wa Newbury. Hawakukana. Kambi yenyewe ilikuwa imehifadhi makombora ya nyuklia ya Marekani, na sheria ndogo zilizotungwa mwaka 1985 zilimkataza raia yeyote kukanyaga humo.

Wanawake wale wakashinda, na kilichowashindia si hoja ya amani wala ya ubaya wa nyuklia. Waliokolewa na ng'ombe. Ardhi ya Greenham ilikuwa malisho ya wote tangu enzi na enzi, na kulikuwa na wenyeji waliokuwa na haki iliyoandikishwa ya kuchunga mifugo yao pale. Sheria ya mwaka 1892 iliyompa Waziri mamlaka ya kutunga sheria ndogo za maeneo ya kijeshi ilisema pia kwamba sheria hizo zisiguse haki za wachungaji wa namna hiyo. Wizara ya Ulinzi ilikuwa imezigusa. Kwa hiyo, majaji wakasema, sheria ndogo zile ni batili, na haidhuru kwamba washitakiwa wenyewe hawakuwa hata na mbuzi mmoja.

Kesi hiyo haikumbukwi sana. Watu wa Newbury wana mengine ya kukumbuka kuhusu Greenham, na ugumu unaanzia hapo, kwa sababu hawakumbuki kitu kimoja. Yupo anayekumbuka askari wa mwaka 1944, yupo anayekumbuka kazi nzuri na majirani Wamarekani, na yupo ambaye hadi leo ukimtajia mahema ya wanawake sura inambadilika. Kila kundi lina Greenham yake.

Newbury ni mji wa wastani ulio kiasi cha kilomita 100 magharibi ya London, kando ya mto Kennet. Zamani ulitajirika kwa biashara ya nguo za sufu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waingereza, jeshi la mfalme na jeshi la Bunge lilipambana hapo mara mbili, mwaka 1643 na mwaka 1644. Una uwanja mashuhuri wa mbio za farasi, na mwandishi Richard Adams, aliyeandika riwaya ya sungura iitwayo Watership Down, alizaliwa hapo mwaka 1920. Msomaji wa Nairobi au Dodoma ana uhusiano na mji huu bila kujua. Kampuni ya Vodafone ilianzia Newbury miaka ya 1980 na kufanya makao yake makuu hapo kwa miaka mingi, na ni wafanyakazi wa Vodafone, wakiongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie, waliobuni M-Pesa na kuileta Kenya pamoja na Safaricom mwaka 2007.

Kusini-mashariki mwa mji, ardhi inapanda na kuwa uwanda ulioinuka wa changarawe na vichaka. Huo ndio Greenham Common. Udongo wake ni dhaifu, haufai kwa ngano, ndiyo maana kwa karne nyingi uliachiwa ng'ombe na wakata kuni. Lakini kinachomkatisha tamaa mkulima ndicho kinachomfurahisha rubani: mahali pa juu, tambarare, pasipo nyumba nyingi. Halmashauri ya mji ilikuwa imenunua ardhi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1941 serikali ikaichukua kwa ajili ya vita.

Miaka mitatu baadaye, jioni ya tarehe 5 Juni 1944, Jenerali Dwight Eisenhower alifika Greenham kwa gari kutoka makao yake. Alikuwa amekwisha kutoa amri ya kuvamia Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, na kamanda wake wa anga alikuwa amemwonya kwamba askari wa miavuli wangeweza kuangamia kwa wingi. Akaenda kuwatazama machoni. Kuna picha iliyopigwa jioni ile ambayo karibu kila kitabu cha vita hivyo kimeichapisha: jenerali amesimama katikati ya vijana wa Divisheni ya 101 waliojipaka masizi usoni, akizungumza na luteni mmoja mrefu mwenye namba 23 shingoni. Luteni huyo, Wallace Strobel wa Michigan, alikuwa anatimiza miaka 22 siku hiyohiyo. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba mkubwa wake hakumhubiria habari za ushindi. Walizungumza habari za kuvua samaki Michigan. Usiku ule ndege za kwanza ziliondoka Greenham kabla ya saa tano, na wakazi waliokuwa macho walizisikia zikizunguka juu ya mji kujipanga kabla ya kuelekea baharini.

Kumbukumbu hii haina mgogoro, na wote wanaikubali. Ndiyo sababu hutajwa kwanza mgeni anapouliza.

Vita vilipoisha watu waliingia tena mbugani, lakini si kwa muda mrefu. Mwaka 1951 serikali iliirudisha Greenham mikononi mwa jeshi, safari hii kwa ajili ya Wamarekani na vita baridi vyao na Wasovieti. Wenyeji walilalamika, lakini haikusaidia. Nyumba zilibomolewa, barabara ikahamishwa, na njia ya kurukia ndege ikarefushwa hadi kufikia kilomita tatu, miongoni mwa ndefu kabisa barani Ulaya wakati huo. Kisha zikaja ndege za B-47, mabomu ya nyuklia tumboni na injini sita za jeti mabawani. Waliokuwa watoto wa shule katika vijiji vya jirani wakati ule bado wanaeleza jinsi mwalimu alivyolazimika kunyamaza hadi ndege ipite.

Tarehe 28 Februari 1958, rubani wa B-47 mojawapo alipata hitilafu mara tu baada ya kuruka, akalazimika kuyaachia matangi mawili ya mafuta. Yalitakiwa kuangukia eneo tupu. Moja liligonga jengo la kuhifadhia ndege na lingine likaanguka karibu na B-47 iliyokuwa imeegeshwa. Moto uliwaka kwa saa 16, watu wawili wakafa na wanane wakajeruhiwa. Jeshi lilisema machache. Wenye mji wakajazia wenyewe palipobaki patupu. Ilipofichuka mwaka 1996 kwamba wanasayansi wa silaha wa Uingereza waliwahi kuandika ripoti ya siri mwaka 1961 kuhusu madini ya urani katika majani ya eneo hilo, minong'ono ya miaka karibu 40 ikageuka hofu ya hadharani, na wazazi wakaanza kuhusisha ajali ile na saratani za watoto. Halmashauri ziliagiza uchunguzi wa wataalamu wa nje, Chuo Kikuu cha Southampton kikiwa kimojawapo. Hawakukuta ushahidi wa ajali ya nyuklia. Majibu hayo yaliwatuliza wengi. Si wote, kwa kuwa siri iliyotunzwa muda mrefu huacha wasiwasi ambao vipimo vya maabara haviwezi kuuondoa.

Mwaka 1964 ndege za mabomu ziliondoka na kambi ikabaki karibu tupu. Katika upweke huo likatokea jambo ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wana haki ya kulifahamu, ingawa katika hadithi nyingi za Greenham hupewa sentensi moja tu, ikiwa hupewa.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, na akawapa siku 90. Wengi wao walikuwa na pasi za Uingereza. Kiasi cha watu 28,000 waliingia Uingereza katika muda wa miezi michache, na serikali, kwa haraka, ikafungua kambi 16 za mapokezi, nyingi zikiwa kambi za jeshi zilizoachwa. Greenham Common ilikuwa mojawapo. Wenye maduka wa Kampala, makarani wa Jinja, walimu na mafundi cherehani, watu waliozungumza Kigujarati nyumbani na Kiswahili au Kiganda sokoni, walijikuta wakilala katika mabweni ya wanajeshi wa anga wa Marekani, baridi ya Novemba ikigonga madirisha. Wanawake wa mashirika ya kujitolea waliwagawia makoti na blanketi. Bodi ya serikali iliwaelekeza mahali pa kwenda na mahali pa kuepuka. Miji iliyodhaniwa kujaa iliwekwa katika orodha nyekundu. Halmashauri ya Leicester ilifika hadi kununua nafasi katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, na huenda tangazo hilo ndilo lililowafanya wengi wasikie kwa mara ya kwanza kwamba kuna mji uitwao Leicester.

Newbury ilikuwa kwao kituo cha njiani. Waliondoka wiki kwa wiki kufuata ndugu, kazi na nyumba, na kambi ikafungwa. Hivyo kumbukumbu yao ya Greenham haiishi Newbury. Inaishi London, Leicester na Birmingham, katika masimulizi ya bibi na babu kuhusu chakula cha kambini kisicho na pilipili. Mji uliokuwa mwenyeji wao umewasahau kwa kiasi kikubwa, na pengine ni kawaida: aliyekaa wiki chache hana wa kumtetea mahali aliposhukia.

Miaka iliyofuata, uwanja ulitumika kwa maonyesho makubwa ya ndege za kivita, na familia zilikuja na vikapu vya chakula kutazama. Mwaka 1978 Marekani ilipotaka kuleta ndege za kubebea mafuta, watu wa Newbury waliandamana na kuandika barua hadi mpango ukahamishiwa Fairford. Inafaa kulishika jambo hili. Mji ambao baadaye ungelaumiwa kwa kuwachukia waandamanaji ulikuwa wenyewe umeandamana, na ulishinda, miaka mitatu tu kabla. Uliloandamania lilikuwa kelele.

Makombora hayana kelele. Desemba 1979 nchi za NATO ziliamua kuweka Ulaya Magharibi makombora mapya 572 ya Marekani kujibu yale ya Wasovieti, na Juni 1980 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba 96 kati yake yatakaa Greenham. Yaliitwa makombora ya cruise. Kila moja lilikuwa na uwezo wa kuruka kiasi cha kilomita 2,500 karibu na ardhi, likikwepa rada, na kubeba kichwa ambacho nguvu yake iliweza kufika mara kumi ya bomu la Hiroshima. Yalibebwa manne manne juu ya malori makubwa. Mpango ulikuwa kwamba hatari ikikaribia, malori yatoke kambini na kujificha misituni kusini mwa Uingereza, ili adui asijue pa kupiga. Maana yake kwa mwanakijiji ilikuwa rahisi: vita vikija, silaha zitapita mbele ya mlango wake.

Mwishoni mwa Agosti 1981 kundi dogo liliondoka Cardiff, Wales, kwa miguu. Walikuwa wanawake 36, na wanaume wachache na watoto. Waandalizi, akiwamo Ann Pettitt, mama aliyekuwa akiishi shambani magharibi mwa Wales, walichokitaka ni mdahalo wa televisheni kuhusu makombora hayo. Walitembea karibu kilomita 190 na kufika Greenham tarehe 5 Septemba. Vyombo vya habari vilikuwa vimewapuuza njia nzima, kwa hiyo wanne wakajifunga minyororo kwenye uzio. Hawakupewa mdahalo. Wakabaki. Hakuna aliyepanga kambi ya miaka 19, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kufikia Februari 1982 waliamua kambi iwe ya wanawake peke yao. Uamuzi huo uligawa hata waliowaunga mkono, na mjini ulizua maneno mengi kuliko makombora. Waliishi nje ya mageti, na kila geti likapewa jina la rangi: la njano lilikuwa lango kuu, kisha kijani, bluu, chungwa na mengine, kila moja na tabia yake. Mahema yalipokatazwa walipinda matawi na kuyafunika nailoni. Madalali wa mahakama walifika, wakavunja, wakatupa vitu katika lori la taka. Walipoondoka vibanda vikasimama tena. Kuna vipindi ambapo hayo yalitokea zaidi ya mara moja kwa siku.

Tarehe 12 Desemba 1982 wanawake 30,000 hivi walifika, wakashikana mikono na kuuzunguka uzio wote, maili tisa. Walining'iniza kwenye seng'enge nguo za watoto, picha za familia, hata gauni za harusi. Alfajiri ya mwaka mpya wa 1983, wanawake 44 waliweka ngazi na mazulia juu ya seng'enge, wakaingia, wakapanda juu ya maghala ya makombora yaliyokuwa bado yanajengwa na kucheza ngoma kwa duara. Thelathini na sita walifungwa jela. Aprili mwaka huo karibu watu 70,000 walifanya mnyororo wa binadamu wa maili 14 kuunganisha Greenham na viwanda vya silaha za nyuklia vya Aldermaston na Burghfield. Oktoba wakaja na mikasi ya kukatia vyuma na kuangusha sehemu kubwa ya uzio. Waziri wa Ulinzi, Michael Heseltine, alilieleza Bunge kwamba atakayekaribia maghala anaweza kupigwa risasi. Makombora ya kwanza yaliwasili kwa ndege tarehe 14 Novemba 1983.

Na mji, je? Watu wa nje wakisimulia Greenham, Newbury huwa ni mandhari ya nyuma tu, au ni mhalifu. Ni kweli kwamba baa na maduka kadhaa yaliwakatalia huduma wanawake wa kambini. Ni kweli kwamba kilikuwepo chama cha walipa kodi kilichoundwa mahsusi kuiondoa kambi, na kwamba usiku vijana walifika kuwarushia mawe, uchafu na funza, na kuwachomea vibanda. Kodi ya halmashauri ililipia madalali na kesi. Wako walioona aibu ya takataka na tope, na wako walioudhika kwa mambo ambayo leo wasingependa kuyataja kwa jina: wanawake walioacha waume, wanawake waliopendana wao kwa wao, wanawake walioimba mahakamani.

Lakini mji haukuwa moyo mmoja. Wakristo wa dhehebu la Quaker wa Newbury walifungua milango ili wanawake waoge. Wapo waliowapelekea kuni na supu kimyakimya, bila kumwambia jirani. Wengine hawakuyapenda makombora wala kambi ya wanawake. Na kulikuwa na wakazi waliopata riziki kwa Wamarekani: wapishi, mafundi umeme, madereva, wenye nyumba za kupangisha. Kwao, Mmarekani alikuwa baba wa mtoto anayesoma na mtoto wao, mtu aliyewafundisha besiboli na kuwaalika kula bata mzinga mwezi Novemba. Baadhi waliolewa nao. Ukiwaambia kwamba walikuwa wakiishi kando ya kifo, watakujibu kwamba walikuwa wakiishi kando ya majirani.

Suala la nani ni mwenyeji lilifika hata mahakamani. Wanawake wa kambini waliomba kuandikishwa kupiga kura Newbury. Walipingwa: mtu anayeishi chini ya nailoni kando ya barabara, kinyume cha sheria, ana makazi gani? Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani, katika kesi yenye jina la Sarah Hipperson, iliamua kwamba anayo. Anayelala pale, akipokea barua pale, ni mkazi wa pale. Kuanzia hapo, waliotaka kuwafukuza na waliokuwa wakifukuzwa walikuwa katika daftari moja la wapiga kura.

Usiku wa misafara ndio unaokumbukwa na wote. Karibu kila mwezi, malori yalitoka kambini yakiongozwa na polisi, kuelekea uwanda wa Salisbury kwa mazoezi. Barabara zilifungwa, taa za bluu zikamulika dari za vyumba vya kulala. Mtandao wa wananchi uliojiita Cruisewatch ulikaa tayari kwa simu na magari: mtu wa geti alipiga simu, wa kijiji cha kwanza akampigia wa cha pili, na msafara uliokusudiwa kupotea misituni haukupotea. Malori yalirudi yamepakwa rangi. Hilo lilikuwa jibu la vitendo kwa swali la kijeshi, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo jambo lililoumiza mpango ule zaidi ya ngoma na nyimbo. Silaha ambayo thamani yake yote ni kutojulikana ilipo ilikuwa ikijulikana ilipo na mama mwenye nyumba kijijini.

Iwapo wanawake wa Greenham ndio walioondoa makombora ni ubishi usiokwisha. Tarehe 8 Desemba 1987 Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev walitia saini mkataba wa kuteketeza aina nzima ya makombora hayo. Waliokuwa upande wa serikali wanasema ni msimamo mkali wa NATO uliomleta Gorbachev mezani. Waliokuwa getini wanasema vinginevyo. Ukweli usiobishaniwa ni huu: wakaguzi wa Kisovieti waliingia Greenham mchana kweupe mwaka 1988, wakipitia lango ambalo raia wa Uingereza walifungwa jela kwa kulipita. Makombora yalianza kuondoka Agosti 1989. Siku chache baadaye msichana wa Wales mwenye miaka 22, Helen Thomas, aligongwa na gari la polisi la kubebea farasi karibu na Geti la Njano, akafa. Makombora ya mwisho yaliondoka Machi 1991, na Wamarekani wenyewe mwaka uliofuata.

Hapo wangeweza wote kurudi nyumbani. Baadhi ya wanawake hawakurudi. Walikaa hadi mwaka 2000, wakipinga manowari za nyuklia za Uingereza yenyewe na wakidai ardhi irudi kwa wananchi. Na ilirudi, kwa utaratibu wa kibiashara usio na mbwembwe. Mwaka 1997 taasisi ya hisani ya wenyeji iliinunua kambi nzima kwa pauni milioni 7, na sehemu ya malisho ikauziwa halmashauri kwa pauni moja. Majengo ya jeshi yakawa karakana na ofisi, na kodi zake hugawiwa vikundi vya hisani vya wilaya. Uzio uling'olewa. Matangi ya mafuta na mabomba ya chini ya ardhi yalifukuliwa. Njia ya kurukia ndege ilivunjwavunjwa, na sehemu ya zege lake ilikwenda kujenga barabara mpya ya kuukwepa mji wa Newbury, ile ambayo mwaka 1996 ilileta waandamanaji wengine kabisa, safari hii juu ya miti. Mbuga ilifunguliwa rasmi Aprili 2000, na miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria maalumu ya kulinda malisho ya Greenham na jirani yake Crookham.

Leo pana vichaka vya miiba vyenye maua ya njano, madimbwi, nyoka wenye sumu, na msalaba mrefu wa changarawe unaoonyesha palipokuwa na njia za ndege. Mnara wa kuongozea ndege umekarabatiwa na tangu mwaka 2018 ni kituo cha wageni chenye maonyesho na mgahawa. Kwenye Geti la Njano la zamani kuna bustani ya ukumbusho yenye mawe yaliyoletwa kutoka Wales. Mwaka 2021 wanawake walitembea tena kutoka Cardiff, kuadhimisha miaka 40. Maghala sita ya makombora, yaliyofunikwa udongo na nyasi, bado yapo nyuma ya uzio wake. Ni mali ya mtu binafsi na yanalindwa kisheria kama urithi wa kihistoria, na filamu ya Star Wars ya mwaka 2015 iliyatumia kama ngome ya waasi.

Ndege pia wamerudi, wale wenye manyoya. Mpasuasanda, ndege wa usiku anayetaga chini kwenye ardhi tupu, huzaliana hapo kila kiangazi. Wenzake wa Uingereza waliofungwa vifaa vya kufuatilia safari walionekana wakipitisha majira ya baridi huko Kongo. Kwa sababu ya mayai yake, kuanzia Machi hadi Julai wenye mbwa hutakiwa kuwafunga kamba, na si wote wanaotii. Mji uliogombana kwa miaka 19 kuhusu nyuklia sasa unagombana kuhusu mbwa, na kuhusu madereva wasiopunguza mwendo jioni, wakati ng'ombe wa wachungaji wenye haki zao wanapovuka barabara.